Upepo wa Gari Lenye Kamba

Lori la tani thelathini lilipita juu ya jukwaa la Ilula bila kupunguza mwendo, na kwa muda ambao mtu humeza mate, matairi yake yote yakawa yamepangiwa upepo. Halikuwa na dereva. Bamba la chuma lilipima uzito, macho ya joto yakasoma mpira, kamera zikakagua bodi, na mtambo uitwao Mkadiri ukatuma amri kwa mapafu, yaani pampu ndogo zilizofichwa ndani ya kila rimu. Mapafu yakavuta hewa mahali fulani, yakatoa mahali pengine. Lori likaelekea mteremko wa Kitonga, na nyuma yake likaja jingine.

Zamani watu walidhani upepo wa tairi ni jambo la kukumbuka siku gari likionekana kuchechemea. Walijidanganya. Tairi lililojaa kupita kiasi hudunda, hugusa lami kidogo tu, na mvua ikinyesha gari huenda litakako lenyewe. Lililopungua hujikunja kila linapozunguka, hujikunja na kujikunja mpaka lipate moto, na likishapata moto wa kutosha hupasuka. Kati ya hayo mawili ipo namba moja ya haki, nayo hubadilika kwa mzigo, kwa barabara na kwa jua. Asubuhi dereva huondoka Iringa amevaa sweta, na kabla ya saa mbili kupita yuko Ruaha Mbuyuni, chini bondeni, amefungua vifungo vyote vya shati.

Namba hiyo Mkadiri aliijua kwa kufundishwa. Mwalimu wake alikuwa Fundi Luvanda, mtu aliyejaza upepo kando ya barabara hiyo kwa miaka arobaini. Wahandisi walimvisha glavu yenye vihisi na kamera kwenye paji la uso, wakanakili maamuzi yake elfu sitini na moja. Hesabu za darasani hakuwa nazo, ila magari aliyoyajaza yalifika. Kazi ilipokwisha, Mamlaka ya Magurudumu ilimpa kiti katika chumba cha mitambo, chai mara mbili kwa siku, na cheo cha Mshauri. Hakuna aliyewahi kumwomba ushauri.

Mhandisi wa jukwaa hilo aliitwa Sekela Mwasambili. Alikuwa na akili kali, na ukali wa akili una tabia ya kumnyima mtu subira. Kila asubuhi alimsalimu mzee kwa heshima, "Shikamoo, Fundi," na mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Wakishamaliza habari za nyumbani, Sekela aligeukia vioo vya kompyuta zake hadi jioni.

Mwezi Machi, mvua za masika zikiwa zimeshika, kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, kiliteleza Kitonga kikagonga ukingo. Hakuna aliyeumia, lakini Mamlaka ilitaka maelezo. Malori makubwa yalijiendesha yenyewe. Virikuu vya wachuuzi bado viliendeshwa na watu. Sekela akachimba ndani ya Mkadiri, akakuta jambo la ajabu. Kirikuu hicho kilikuwa kitupu, matairi ya nyuma yalistahili upepo thelathini na tano, nacho kikapewa arobaini na saba. Akatafuta vingine, akavipata kwa mamia. Vyote vilikuwa vitupu au karibu vitupu, na vyote vilikuwa na kitu kimoja nyuma: kamba iliyozungushwa vizuri.

Alicheka peke yake. Kamba ina uzito gani? Kilo mbili, tatu. Mtambo wa mabilioni ulikuwa umeshika ushirikina, ukiona kamba unaongeza upepo. Fundi Luvanda alikuwa hatua nane kutoka kwake, akipuliza chai. Kuuliza si ujinga, lakini Sekela aliona haya kumsumbua mzee kwa jambo la kipuuzi namna hiyo. Akaifuta kamba ndani ya Mkadiri, akaweka sahihi yake, akaenda kula.

Miezi sita ilipita bila kirikuu kuteleza. Sekela alipongezwa kwa barua.

Oktoba joto likarudi bondeni. Tarehe kumi na nne, kilomita ishirini kabla ya Mikumi, tairi la nyuma la kirikuu lilipasuka na gari likabiringika mara tatu. Dereva, Edina Kikoti, mchuuzi wa miaka thelathini na minne, alifariki papo hapo. Kumbukumbu za Ilula zilionyesha alipita na ndoo tupu za plastiki, kilo sitini kwa jumla, akapewa upepo thelathini na tano, sawasawa kabisa. Picha ya ajali ilionyesha magunia kumi na moja ya vitunguu yametapakaa barabarani, mengine bado yamefungwa kamba.

Sekela aliitazama picha hiyo muda mrefu. Kisha akavuta kiti akaketi mbele ya mzee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Fundi, gari tupu lenye kamba ulikuwa unalijazaje?"

Luvanda aliangalia picha, akaelewa kabla hajajibu. Akakiweka kikombe chini.

"Mtu asiye na mzigo hatembei na kamba," alisema. "Anapita hapa mtupu, anapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, halafu anajua vichochoro vya kulikwepa jukwaa la Mikumi. Ushuru wa uzito unawaumiza. Mimi nilikuwa namjazia mzigo atakaoukuta mbele."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nilikuwa namwambia aende polepole. Dereva ana masikio."

"Kwa nini hukuwaambia wahandisi walipokuwa wanakunakili?"

"Ile kamera waliyonivisha ni ya nani, mwanangu? Si ya hao hao wanaotoza? Ningesema kamba ni ya vitunguu, kesho yake kila mwenye kamba angekamatwa. Nikanyamaza, nikaona mashine imeshika yenyewe, nikafurahi." Akapangusa macho kwa kiganja. "Sikujua kama umeitoa. Ningekwambia."

"Sikukuuliza," alisema Sekela.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini siku hiyo yalikuwa yameshapita magari mengine tisa yenye kamba, na kesho yangepita mengine. Kumrudisha Mkadiri alivyokuwa kulihitaji sababu iliyoandikwa. Akieleza maana ya kamba, Mamlaka ingeweka askari Ruaha Mbuyuni wiki hiyo hiyo. Wachuuzi wangeficha kamba chini ya viti, na Mkadiri asingekuwa na cha kuona. Kulikuwa na sababu nyingine moja tu ambayo haikudai maelezo: kosa la mhandisi. Ila palipotokea kifo, anayeiandika huachishwa kazi siku hiyo na kupelekwa mahakamani.

Sekela alipiga moyo konde, akaandika maneno hayo matatu, akaweka sahihi. Mkadiri akarudi kama alivyofundishwa. Jibu la Mamlaka likatokea kwenye kioo baada ya dakika moja.

"Wanasemaje?" aliuliza mzee, ambaye hakuona maandishi madogo.

"Wananiambia nisiondoke mpaka waje. Na wanauliza kama kuna mtu mwingine aliyejua."

Luvanda akasimama, akafunga vifungo vya koti lake la kazi kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Waambie ukweli, mwanangu. Mimi ni mzee, watanifanya nini?"

Sekela aliwaza habari za virikuu vinavyoteremka na watu waliomo, na kwamba mzee akihojiwa siri ya kamba ingetoka. Akaandika kwamba hakuna aliyejua, kwamba alikuwa peke yake, akabonyeza kutuma mzee akiwa bado amesimama.