Benchi la Wageni

Mikono ya marehemu ndiyo iliyomfanya daktari wa kijiji akatae kutia saini.

"Moyo, sawa," alimwambia Inspekta Ottilie Nigsch, wakiwa wamechutama pamoja kwenye kizingiti cha sauna, kibanda cha mbao cha kuogea joto. "Mzee wa miaka sabini na minne, moyo mbovu, joto la digrii tisini. Lakini tazama kucha."

Ottilie akatazama. Kucha tatu za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka nusu. Viganja vyote viwili vilikuwa vimevimba na kuvilia damu, kama vya mtu aliyegonga kitu kwa muda mrefu. Upande wa ndani, mbao za mlango zilikuwa na mikwaruzo mipya, na kibanzi kimoja chenye damu kilikuwa bado kinaning'inia.

Mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Mlango wa sauna hauwekwi kufuli. Unausukuma, unatoka.

"Sasa kwa nini hakusukuma?" akauliza Sajenti Kilian, polisi wa palepale bondeni, jitu la mtu lenye sauti ya upole.

"Alisukuma. Hukuiona mikono yake?"

Ottilie alihamia upande wa nje. Mshikio ulikuwa kipande cha mti kilichopigiliwa wima. Nyuma yake kulikuwa na alama mpya ya kusuguliwa, na kwenye miimo yote miwili ya mlango, kimo kilekile, kulikuwa na mbonyeo. Kitu kirefu na kigumu kilipitishwa pale kikaukingama mlango, kisha mtu akakiondoa. Kwenye mwimo wa kushoto palikuwa na tone lililokauka. Alipoligusa, glavu yake ilinata.

"Chukua sampuli ya hapa," alimwambia mtaalamu wa ushahidi.

Ilikuwa saa moja jioni, mwezi wa Agosti, na jua lilikuwa bado linawaka kwenye vilele. Wageni kumi na mmoja walisimama barazani na viatu vyao vya milimani vyenye vumbi, wakinong'ona.

"Asitoke mtu," akasema Ottilie.

Kilian alijikuna shingo. "Afande, kesho Jumamosi. Ndiyo siku ya kubadilisha wageni. Watano wanaondoka, sita wanaingia."

"Asitoke mtu, asiingie mtu."

"Bi Adelinde atachanganyikiwa."

"Bi Adelinde kafiwa na mgeni, Kilian. Ana haki ya kuchanganyikiwa."

Lakini Adelinde Burtscher, mwenye nyumba hiyo ya wageni, hakuchanganyikiwa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, nywele amezibana kwa nyuma, na alichouliza ni kimoja tu: kama wageni waliozuiliwa watahitaji mayai ya kesho asubuhi.

*

Marehemu aliitwa Volkmar Ehrhardt, mtu wa Kassel, Ujerumani. Picha yake ilitundikwa ukumbini, pamoja na cheti cha kijiji cha kumshukuru kwa uaminifu wake wa kurudi kila kiangazi. Kiangazi cha kwanza alikaa wiki mbili. Hiki kilikuwa cha thelathini na moja, na siku hizi alikuwa akija Mei na kuondoka mwisho wa Septemba. Chumba namba nne. Kila siku saa kumi alasiri aliingia sauna, na kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Asubuhi iliyofuata Ottilie alifika saa moja na kukuta kifungua kinywa kimeandaliwa: mikate, jibini, nyama baridi, na bakuli la vipakiti vidogo vya jemu ya dukani.

"Hata jemu!" mgeni mmoja alikuwa analalamika, Bwana Hoekstra, Mholanzi mwenye pua iliyoungua jua. "Tumefungiwa kama kuku, na sasa tunalishwa jemu ya hospitali. Miaka sita tunakuja, hatujawahi kupewa vipakiti hapa."

"Jemu iliungua jana," Adelinde alisema bila kumtazama, akamimina kahawa, akapita.

Ottilie alimfuata kwa macho. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba kama hii, mabonde mawili upande wa mashariki. Kila Juni yeye na kaka yake walihamishwa vitanda vyao kwenda darini ili wageni walale, na mpaka Septemba walitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao wenyewe. Mama yake alipika jemu miaka arobaini. Hakuunguza hata sufuria moja.

Alifanyia mahojiano kwenye ofisi ndogo nyuma ya ukumbi, penye kompyuta na daftari la wageni. Wa kwanza alikuwa Zdenka, msichana wa usafi kutoka Slovakia.

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha kufulia. Mashine mbili zinaunguruma, afande, hata bomu lingelipuka nisingesikia. Nilitoka saa kumi na mbili kupeleka mataulo sauna. Ndipo nikamkuta."

"Mlango ulikuwa umezuiwa na kitu?"

"Hapana. Niliuvuta tu, ukafunguka."

"Ulimpenda marehemu?"

"Nani alimpenda?" Zdenka alijiziba mdomo. "Nisamehe, Mungu amrehemu. Lakini alikuwa anakagua pembe za shuka zangu! Anawapangia wageni meza. Kiti cha marehemu mume wa mama mwenye nyumba, yeye ndiye anakikalia. Simu ikilia, anapokea yeye. Kompyuta hiyo hapo, neno la siri analijua yeye peke yake. Anamwambia mama, 'Linde, usijisumbue, wewe shughulikia jikoni.'"

"Na mama alimjibu nini?"

"Mgeni utamjibu nini? Alinyamaza. Mimi Septemba naondoka zangu. Mama ataondoka aende wapi? Juzi mezani yule mzee katangaza mbele ya watu wote kwamba anauza nyumba yake Kassel. Atahamia hapa moja kwa moja, kiangazi na baridi. Wageni wakampigia makofi."

"Mama naye alipiga makofi?"

Zdenka alifikiri. "Alikuwa ameshika sinia."

Aliyefuata alikuwa Hoekstra. Kilian alikuwa ameshadokeza kwamba Mholanzi huyo na marehemu walifokeana Jumatano, kisa meza ya dirishani.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Mlimani. Na mke wangu."

"Mkeo anasema ulirudi kutoka nusu njia."

Pua ya Hoekstra ilizidi kuwa nyekundu. "Kisigino kilichubuka. Sikutaka watu wajue. Nilirudi saa kumi kasoro, nikakaa kwenye roshani ya chumba namba mbili. Sikumgusa yule mzee! Meza ni meza tu."

"Ulisikia nini?"

"Kugongwa. Dup, dup, dup. Nikadhani mtu anapasua kuni."

"Kuni, Agosti?"

"Mimi ni mtu wa mjini, wa Groningen, Inspekta. Najua nini habari za kuni zenu?"

"Sauti ya mtu hukuisikia?"

"Mto una kelele pale. Labda… sijui." Alifuta jasho. "Halafu nikatulia kwa sababu nilimwona Bi Adelinde. Nikasema, kama kungekuwa na jambo, mwenye nyumba asingekaa tu."

Ottilie aliiweka kalamu chini. "Alikuwa amekaa?"

"Kwenye benchi, lile la kando ya sauna. Mgongo wake nauona, na kisogo."

"Kwa muda gani?"

"Nilisinzia. Nilipoamka alikuwa bado yupo. Nusu saa, zaidi pengine. Nikafurahi kumwona mama wa watu anapumzika."

Mholanzi alitoka akichechemea. Kilian, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa. "Mwanamke kakaa benchini. Kuna ubaya gani, afande?"

"Una shangazi anayepangisha vyumba?"

"Wawili."

"Umewahi kumwona hata mmoja wao amekaa kwenye benchi la wageni, Agosti, siku moja kabla ya kubadilisha wageni, jemu ikiwa jikoni?"

Kilian akaacha kuandika. Alikuwa amekula keki za Adelinde tangu utotoni, na uso wake wote sasa ulionyesha hivyo.

Simu ya maabara ikaja saa nne. Tone la kwenye mwimo lilikuwa sukari na aprikoti.

Kabla ya kwenda jikoni, Ottilie alimwuliza Zdenka jambo moja zaidi: jana kulikuwa na barua? Ndiyo, mama wa posta alipita saa tisa na nusu. Bwana Ehrhardt kwa kawaida ndiye aliyempokea, ila jana alikuwa ameshapanda chumbani kubadilisha nguo. Mama alipokea mwenyewe. Mtaalamu wa kompyuta naye alikuwa amemaliza kazi yake. Alimwonyesha Ottilie kurasa mbili za barua pepe. Ottilie alizisoma akiwa amesimama, kisha akazikunja.

*

Adelinde alikuwa anasugua sufuria kubwa ya shaba iliyoungua chini. Ukutani, juu ya jiko, ilining'inia miiko mitatu ya mti. Mrefu kuliko yote, wa urefu wa mkono mzima wa mtu mzima, ulikuwa umesuguliwa ukawa mweupe, na katikati yake ulikuwa na mbonyeo.

"Kaa chini, Bi Adelinde."

"Nikikaa siinuki. Sema tu."

"Una haki ya kukaa kimya. Una haki ya wakili."

"Kimya nimekaa sana." Aliendelea kusugua. "Unataka mwiko au barua?"

"Vyote."

Alikausha mikono, akatoa bahasha kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa ya binti yake, Mirjam, aliyekuwa akiishi Bregenz, kando ya ziwa.

*Mama, mara hii ya mwisho nakuandikia kwa mkono,* ilisema. *Miaka miwili nimekuomba ufunge nyumba uje ukae kwangu, na kila mara umenijibu kwa barua pepe kwamba hunihitaji, nisipige simu, nisije. Nilikuletea mjukuu mpaka mlangoni, nikaambiwa umetingwa. Chumba cha chini bado nimekiacha kitupu. Nikikosa jibu la mkono wako, nitampa mtu mwingine.*

"Mimi sijui kutumia ile kompyuta," alisema Adelinde. "Nilikuwa namwambia, 'Volkmar, mwandikie mwanangu, mwambie nimemkumbuka.' Anasema, 'Nimeandika, Linde.' Wiki inapita. 'Kajibu?' 'Hajajibu. Watoto wa siku hizi, waache.' Hata majira ya baridi, akiwa kwake Kassel, alijibu kwa jina langu kutoka huko. Nami nina kiburi, Inspekta. Tuligombana siku ya mazishi ya baba yake, akaniambia nyumba hii itanila. Nikasema siinui simu mpaka ainue yeye."

"Jana ukasoma."

"Nikasoma hapa hapa, nakoroga. Nikasoma mara tatu. Jemu ikaanza kunuka. Nikatoka nimfuate nimwulize, mwiko bado mkononi. Namsikia ndani anaimba. Anaimba, unaelewa? Kwenye sauna aliyojenga mume wangu. Nikaupitisha mwiko kwenye mshikio. Sikufikiri. Nilitaka dakika tano tu ajue mtu anavyojisikia."

"Hazikuwa dakika tano."

"Hapana."

"Alikuita?"

Adelinde aliishika sufuria kwa mikono miwili. "Mwanzoni aliita 'Linde, mlango umekwama.' Halafu akaomba. Halafu akamwita mama yake. Mtu mzima vile, akamwita mama yake."

"Na wewe ulikaa."

"Nilikaa. Benchi lile nimelipaka rangi miaka thelathini na moja na sijawahi kulikalia kiangazi. Kumbe bonde lote linaonekana kutoka pale, mpaka barabara inapotokea." Alimtazama Ottilie usoni. "Ningeweza kufungua. Kila alipogonga nilijua ningeweza kufungua. Usiandike kwamba sikujua."

"Kwa nini hukumwambia aondoke? Mwaka wowote ule. Mlango si ulikuwa wako?"

"Umezaliwa wapi wewe?"

"Kwenye nyumba ya wageni."

"Basi unaniuliza nini?"

Ottilie aliutungua mwiko ukutani, akautia kwenye mfuko wa ushahidi, akamwita Kilian.

Saa saba mchana wageni waliruhusiwa kuondoka, wakaondoka mbiombio, na Hoekstra alisahau fimbo zake za mlimani. Zdenka alilia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ottilie alimpigia Mirjam simu mwenyewe. Sauti ya upande wa pili ikauliza, "Lakini aliisoma? Aliisoma barua yangu?" Ottilie akasema ndiyo, aliisoma mara tatu, na Mirjam akasema atakuwa anamngoja kituo cha polisi.

Kilian aliendesha. Adelinde alikaa nyuma na Ottilie, bila aproni, mikono mapajani kama mtu asiyejua pa kuiweka. Barabara ilishuka kwa makona, na kila kona ilikuwa na bango la nyumba ya mtu, *vyumba vipo*, maua mekundu madirishani, mwanamke anayekung'uta blanketi.

"Huko mahabusu mnakonipeleka," aliuliza Adelinde, "watu wanaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema Ottilie.

"Na nusu?" Alikuwa mtu wa kuamka saa kumi alfajiri. Alikaa akilitafakari hilo mpaka daraja la pili. "Na kifungua kinywa anaandaa nani?"

"Wanakuletea. Mlangoni."

Adelinde aliegemeza kichwa kwenye kioo. Walipofika barabara kuu alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, na Kilian alipunguza mwendo bila kuambiwa.