Aliyemfuata Anyesi Kutoka Bahi

Haya yalimpata Ruthu, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Area D, ambaye nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta tu. Jumapili hiyo alikuwa akimwandaa mama yake, Bi Anyesi, kwenda kwa daktari wa macho kwa mara ya kwanza. Mama huyo alikuwa ameletwa kutoka kijijini kwake Bahi, macho yote mawili yameingia ukungu. Ruthu alimwogesha, akamkata kucha, akampigia pasi kitenge cha kuvaa kesho yake. Kisha akamketisha sebuleni, jua la mchana likiwaka dirishani, amzoeze vipimo kwa kumwonyesha picha za vitu.

Mama hakuweza kutofautisha kuku na sufuria. Lakini kila akiulizwa, uso ulielekea mlangoni.

"Unatazama nini, mama?"

Bi Anyesi alieleza taratibu. Kuna mtu, alisema. Alimwona mara ya kwanza kwenye tope la majaruba ya mpunga, macho yalipoanza kufifia. Kadiri vitu vingine vilivyopotea, yule alizidi kuonekana. Sasa ni mtu huyo tu anayemwona vizuri, hadi kope. Akimkazia macho, hasogei. Ndiyo maana hakutaka daktari amfunge bandeji machoni.

Uzee, Ruthu alijiambia. Akapiga magoti mbele ya mama yake, mgongo ukaelekea mlangoni, akamziba macho yote mawili kwa viganja, amwonyeshe kwamba giza la muda si kitu.

Kuku wa uani wakanyamaza.

Pazia halikutikisika. Hakuna hatua iliyosikika. Mama akaishika mikono ya bintiye.

"Toa mikono," alinong'ona.

Ruthu akatoa. Mama hakutazama mlangoni tena. Alitazama bega la bintiye. Juu yake kidogo.

"Usigeuke, mwanangu."

Hakugeuka. Walikaa vile vile mpaka jirani alipobisha hodi kuazima pasi.

Kwa daktari walikwenda, na upasuaji ukafanyika. Siku hizi Bi Anyesi anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Yule mtu hamwoni tena popote, na hilo ndilo linalomliza: hajui yuko wapi.

Blauzi nyeupe aliyovaa Ruthu siku ile imebaki na alama begani. Tope jeusi, vidole vinne mbele, gumba nyuma. Ameifua, ameiloweka, ameianika juani. Ni kiangazi, vumbi tupu. Kila akiigusa, lile tope ni bichi.