Paa la Chumba cha Mama Mkwe

Wiki hiyo yote sikukaa kitako. Nikifua, macho yangu yako nyuma ya nyumba. Nikipika, macho yako huko huko. Kuta za chumba kipya zilikuwa zimesimama, lakini juu kulikuwa wazi, na mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya hapa mtaani kwetu, Tena.

Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Bungoma kupasuliwa jicho. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Hata umbembeleze vipi, hakubali. Mara ya mwisho alikosa pa kulala, akarudi nyumbani bila kutibiwa. Sasa daktari alikuwa amesema wazi: jicho likicheleweshwa tena, litapofuka.

"Baba Griffins, mama anafika kesho," nilimwambia mume wangu.

"Najua, Triza. Umeniambia tangu asubuhi."

"Na nitakwambia tena."

Mume wangu, Nalianya, ni fundi wa viti na vitanda. Ni hodari, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Fundi wa viti hukata mguu mmoja vizuri, kisha hukata ile mingine kwa kuufuata. Basi na paa akalifanya hivyo hivyo. Rafiki yake Sylvance alikuwa anaezeka nyumba pana huko mtaa wa Umoja. Nalianya akaazima rafta moja, yaani ule ubao unaopanda mshazari kubeba mabati. Akakata zake zote kwa kuifuata hiyo.

Alipopandisha jozi ya kwanza, nilijua leo kazi iko. Rafta zilisimama kama mnara wa kanisa. Pale juu zinapokutana, ziligusana upande wa chini tu. Upande wa juu ziliachana, kidole kinapita.

"Nitapiga msumari mrefu," alisema.

"Msumari utashika hewa?" Nilikuwa na hasira, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Jirani yetu Wavinya alitusikia, akaja. Yeye hufundisha useremala katika chuo cha ufundi.

"Fundi, chumba hiki kina upana gani?" aliuliza.

"Mita tatu na sentimita ishirini."

"Na ile nyumba ya Umoja?"

Nalianya hakuwa ameipima.

"Mguu wa kiti haujali chumba," Wavinya alisema. "Rafta inajali. Upana wa nyumba ukibadilika, urefu na pembe vinabadilika pia."

Alichukua chaki, akapiga magoti sakafuni, akachora huku akieleza.

"Gawa upana kwa mbili. Unapata mita moja na sentimita sitini. Huu ndio mstari wa chini. Sasa unataka paa lipande kiasi gani?"

"Mita moja na sentimita ishirini hivi," Nalianya alijibu.

Wavinya alichora mstari wa pili kutoka mwisho wa ule wa kwanza, akaunyoosha kwa skwea, kile kipimo cha chuma chenye mikono miwili iliyokutana kama kona ya chumba. Kisha akaunganisha ncha mbili kwa mstari wa mshazari. Ikawa pembetatu.

"Pima huo mshazari."

Nalianya alipima. "Mita mbili kamili."

"Huo ndio urefu wa rafta yako hadi ukutani. Ongeza sentimita thelathini za upenu, maji yasilowanishe ukuta."

"Na pembe ya kukata?" niliuliza mimi. Sikuwa na subira ya kungoja waulizane.

"Laza skwea juu ya ubao, Mama Griffins. Mkono mmoja uguse ukingo kwenye sentimita ishirini, mwingine kwenye kumi na tano. Mia moja sitini kwa mia moja ishirini ni sawa na ishirini kwa kumi na tano. Mkono wa kumi na tano unakuonyesha pa kukata kule juu. Wa ishirini unakuonyesha panapokalia ukuta."

"Na hizi nilizokwisha kukata?" Nalianya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shukuru ni ndefu. Zingekuwa fupi, ungenunua mbao nyingine. Kata jozi moja kwanza. Ilaze juu ya mchoro. Ikikubali, ndiyo ukate zilizobaki."

Jozi ilikubali. Kule juu zilikutana barabara, hata karatasi haipiti. Jioni mabati yalikuwa juu, nami nikala chakula kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama alifika kesho yake, mvua nyuma yake. Aliketi mlangoni mwa chumba chake, begi mapajani, akisikiliza mabati yanavyopigwa. Hakuna tone lililoingia. Nalianya alikuwa amesimama barazani, anasikia kila neno, lakini kwa heshima ya ukwe mama alinigeukia mimi.

"Mwambie mkwe wangu nitakaa," alisema, akaliweka begi chini.

Wiki iliyofuata alipasuliwa jicho. Bandeji ilipotolewa, alirudi chumbani, akalala chali kitandani, akazihesabu rafta moja moja kwa sauti, hadi ya mwisho.