Kinu Chini ya Pijo

Kitendawili kwanza, hadithi baadaye. Ana nguvu ya kuinua mzigo, lakini hana subira ya kukaa nao. Ni nani? Kama hujui, twende kijiji cha Mungaa, kwa Alute. Naye hakujua.

Asubuhi ile mkewe, Magdalena, alikuwa anapepeta uwele. Alute alikuwa ameinua kwa jeki gari la zamani aina ya Pijo aliloachiwa na marehemu baba yake. Bushi za mbele, ile mipira ya kwenye mikono ya magurudumu, zilikuwa zimekwisha. Gari likitembea, linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Alitaka lipone kabla ya mnada wa Ikungi.

Haraka hiyo ilikuwa ya wivu. Tangu masharti ya biashara yalegezwe na magari ya mtumba yaanze kuingia, jirani yake Ezekieli alikuwa amenunua pikapu. Kila mnada akina mama walipanda humo na kuku wao, wakimsifu. Alute akisikia sifa hizo, hata ugali haushuki.

Akageuza kinu cha mkewe juu chini, akalilaza gari juu yake, akatoa jeki na gurudumu la mbele, akaingia uvunguni mwa gari.

"Baba Pendo, hicho kinu cha uwele au cha magari?" aliuliza Magdalena.

"Kimepigwa mchi miaka kumi. Kitashindwa na Pijo?"

"Ezekieli ana stendi za kuegemezea gari. Alikuwa fundi kwenye karakana Manyoni. Kaombe."

"Kwa yule? Kesho kijiji kizima kijue? Na wewe, jina lake halikutoki mdomoni."

Magdalena akacheka. "Njoo unawe, mlenda unapoa."

Alute akatoka uvunguni amenuna. Kofia aliiacha chini. Kabla hajanawa, kinu kilipasuka vipande viwili. Pijo likaanguka. Kofia ilibanwa na chuma, pale pale kilipokuwa kichwa chake.

Birika la maji likamponyoka Magdalena.

Ezekieli alisikia kishindo, akaja mbio. "Mzima, Baba Pendo?"

"Mzima." Hata wakati ule Alute aliliona ovaroli safi la Ezekieli, akaumia moyo.

Ezekieli hakumcheka. Alikwenda kwake, akarudi na stendi mbili za chuma. Waliliinua gari tena kwa jeki, wakarudisha gurudumu, wakalisukuma hadi penye ardhi ngumu, iliyo sawa. Vile vipande vya kinu wakavikaza mbele na nyuma ya gurudumu la nyuma, gari lisitembee.

"Jeki ni ya kuinua tu," alisema Ezekieli. "Inaweza kushuka yenyewe. Tofali nalo huvunjika bila kuaga. Stendi ndiyo ya kushikilia. Iweke chini ya chesisi, fremu ya gari, siyo chini ya mkono wa gurudumu unaoufungua. Kisha litikise gari. Likicheza, usiingie. Na gurudumu ulilotoa lilaze uvunguni. Mambo yakiharibika, litakuachia nafasi."

Basi, jibu la kitendawili umelipata. Ni jeki.

"Mbona unanisaidia?" Alute aliuliza.

"Pijo hili nimelionea wivu tangu utoto. Baba yako akipita nalo, mimi nachunga punda. Siku niliyonunua pikapu nilipita hapa mara tatu, makusudi, uione."

"Niliziona zote tatu," alisema Alute.

Siku ya mnada Pijo lilifika Ikungi limetulia. Magdalena alinunua kinu kipya. Alute aliitazama pikapu ya Ezekieli, ilikuwa imejaa kuliko gari lake. Moyo ukamchoma kidogo. Akajipapasa kichwa chini ya kofia mpya, akakikuta kipo. Akampungia jirani yake mkono.