Mgeni Asiyetaka Chai

Kila asubuhi Kagure alikamua ng'ombe, akabandika chai, kisha akafagia kambi. Kambi yao ilikuwa kando ya mto, karibu na Endarasha, pale msitu unapoanza. Wageni walilala ndani ya mahema kwenye nyasi tambarare, wakisikia maji yakipita. Ngugi, mume wake, alipapenda hapo kuliko koti lake la Jumapili.

Lakini asubuhi hiyo ya Januari hakukuwa na hema hata moja. Mvua za Novemba zilileta mafuriko hadi kambini. Wasichana thelathini wa kanisa kutoka Othaya walikimbia na blanketi zinazochuruzika maji. Barabara nayo ikakatika, wakakaa siku mbili bila njia ya kurudi kwao.

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Hata hivyo mwalimu wao, Phyllis, alimshika Kagure mkono.

"Mama Shiro, ninawapenda sana. Lakini hawa ni watoto wa watu. Nitakuja Machi niangalie. Nisiporidhika, Aprili tutaenda kwingine."

Kagure alizaliwa Othaya. Wasichana wale walipoimba, alihisi yuko kwa mama yake. Hakutaka kuwapoteza.

"Haya, kitendawili!" alisema Shosho Wakiuru, mama yake Ngugi, wakinywa chai. Shosho alipenda vitendawili kuliko sukari.

"Tega!"

"Niko na mgeni. Nikimfungia mlango, anabomoa nyumba. Nikimfungulia, anapita tu, hata chai hataki. Ni nani?"

"Ni kaka yake Kagure," Ngugi akasema.

"Kaka yangu? Na vile hunywa vikombe vinne!" Kagure akacheka.

"Umeshindwa," Shosho akasema. "Nipe mji."

"Chukua Othaya."

"Wee, Baba Shiro! Hiyo ni kwetu, usiitoe ovyo."

"Ni yangu sasa," Shosho akasema. "Nitairudisha akijibu."

Ngugi akachukua koleo akatoka. Dawa yake ya barabara ilikuwa ile ile ya kila mwaka: kumwaga marram, ule udongo mwekundu, na kuinua barabara zaidi. Sasa, pale ilipovuka mto, ilisimama kama ukuta mbele ya kambi. Chini yake ilipita kalvati moja, bomba jembamba la maji.

Jirani yao Wachuka alikuja kuchukua maziwa. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa barabara. Akasimama, mikono kiunoni.

"Baba Shiro, unajenga barabara ama bwawa?"

"Barabara. Safari hii maji hayatapita!"

"Na yasipopita, yaende wapi?"

Ngugi akaegemea koleo lake. Wachuka akampeleka yeye, Kagure na Shosho kwenye ua wa waya wa kambi.

"Ona hizi nyasi kavu zimenasa kwa waya. Ni nani aliziweka hapa?"

Kagure akasimama karibu. Nyasi zilimfika kifuani.

"Ni mto," akasema polepole. Akawakumbuka wale wasichana, wengine wafupi kuliko yeye.

"Kalvati ni nyembamba," Wachuka akaeleza. "Magogo yaliiziba. Barabara ikazuia maji, yakarudi kwa mahema. Kila ukiongeza marram, unawazamisha wageni wako zaidi."

"Sasa tufanye nini?" Ngugi akauliza kwa sauti ndogo.

"Tuishushe barabara pale kwenye kalvati. Tupange mawe, tumwage zege juu yake, iwe pana kama sahani. Hiyo huitwa drifti. Maji yakizidi, yapite juu yake, yaende zake. Upande yanapoangukia tuweke mawe makubwa, yasichimbe. Kando ya barabara, tuchimbe mitaro ya kuyaelekeza kwenye nyasi kidogo kidogo, yasipate nguvu."

"Na magari?"

"Yangoje. Tutasimamisha nguzo nyeupe yenye alama nyekundu. Maji yakigusa alama, hakuna gari wala mtu kuvuka, hata kama ni bwana harusi."

"Na mahema?" Kagure akauliza.

Shosho ndiye aliyejibu. "Ngugi, ukiwa mdogo, mvua ikinyesha ng'ombe wetu walilala wapi?"

"Pale juu kwa mwinuko."

"Tuliwashusha huku kwa fimbo, wakapanda tena. Ati tukasema ni wajeuri!"

"Kwa hivyo nilaze wageni mahali pa ng'ombe?"

"Mgeni mkavu haulizi nani alilala hapo kabla yake," Wachuka akasema.

Februari yote majirani walisaidiana kubeba mawe na kuchanganya zege. Choo pia kilihamishiwa juu, uchafu usiingie mtoni. Ukingoni walipanda mianzi ishike udongo. Siku ya kung'oa vigingi vya mwisho kwenye nyasi zake tambarare, Ngugi alisimama hapo muda mrefu. Kagure akamletea benchi.

"Mchana utakaa hapa usikie mto," akamwambia. "Usiku utapanda juu kwetu."

Machi Phyllis alikuja. Akatembea kila mahali, akauliza maswali hadi Wachuka akatoa jasho. Mwishowe akasema, "Tutakuja."

Aprili walikuja. Siku ya pili, saa tisa mchana, mvua ilinyesha kama iliyomwagwa kwa ndoo. Mto ukafura. Maji yakapanda juu ya drifti, yakafika alama nyekundu, yakaipita. Wakalitazama benchi la Ngugi kutoka juu. Likazama lote.

"Tumefungiwa tena?" Phyllis akauliza.

"Tungoje, mwalimu," Kagure akasema, macho kwenye nguzo. "Hakuna kuvuka."

Wasichana wakaimba, mahema yao makavu. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Githeri ya mahindi na maharagwe ilipoiva, mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa linachungulia. Alama nyekundu ikaonekana, halafu mguu wa nguzo, halafu zege yenyewe, imeoshwa safi. Barabara ilikuwa pale pale.

Ngugi akaitazama, kisha akageuka ghafla.

"Mama! Mgeni wako ni maji ya mafuriko!"

"Umechelewa miezi mitatu," Shosho akasema.

"Nirudishie Othaya yangu."

Shosho akaonyesha kwa mdomo wale wasichana thelathini waliokuwa wakigombania vijiko.

"Si hiyo hapo," akasema. "Ipakulie chakula."