Kilemba cha Jandira

Kila Ijumaa Jandira na mama yake, Dona Valdelice, huvaa nyeupe, kama wafanyavyo wengi mjini Salvador. Ijumaa hiyo Jandira alifunga pia kilemba kikubwa, kwa sababu wiki ile alikuwa ameoshwa kichwa kwa maji matakatifu katika nyumba yao ya ibada. Kichwa kilichooshwa hakiguswi na mkono wa mgeni, wala hakifunuliwi hadharani.

"Dukani je?" mama aliuliza mlangoni, kama kawaida yake.

"Mikono nje ya mifuko. Mkoba ufungwe. Nisishike nisichonunua. Mama, twende basi!"

Ndani ya supamaketi mama alikwenda kwenye samaki, Jandira akatumwa tui la nazi. Tangu kwenye rafu ya mchele alisikia viatu nyuma yake. Akisimama, navyo vinasimama. Akakata kona kwenye sabuni, navyo vikakata. Alinyakua kopo la tui akaharakisha kwenye foleni ya kulipa.

"We mtoto, simama!" Alikuwa mlinzi wa duka, kijana mweusi kama yeye. "Umeficha nini kilembani?"

"Nywele."

Watu wakacheka. Mlinzi hakucheka. "Vijizi vidogo navijua mimi. Fungua."

"Si afungue tu, foleni isogee?" alisema mwanamke mmoja. "Kama hana kitu, anaogopa nini?"

Miguu ya Jandira ilitaka kukimbia. Mikono ilipanda yenyewe hadi kwenye fundo. Kisha akaishusha.

"Sifungui," alisema. "Niitieni mama. Yuko kwenye samaki."

Dona Valdelice alifika mikono ikinuka samaki. "Kaka, umemwona akichukua nini?"

"Kilemba, mama... kimevimba."

"Nimekuuliza ulichoona, sijakuuliza unachodhani. Mlinzi hana ruhusa ya kumvua mtu kilemba. Kama unamshuku, ita polisi. Usipowaita wewe, nawaita mimi."

Meneja akaja mbio, akaenda kutazama picha za kamera, akarudi uso umemshuka. "Hakuchukua kitu. Yaishe, Dona. Kopo hilo chukueni bure."

"Kopo tutalilipia. Ameitwa mwizi mbele ya foleni. Aombwe radhi mbele ya foleni."

Meneja akanong'ona radhi.

"Foleni haijasikia," alisema mama.

Meneja akarudia kwa sauti, na mlinzi naye akaomba radhi, macho chini. Yule mwanamke wa foleni akasogea. "Mkienda kushtaki, nitakuwa shahidi. Ulimi uliniteleza, mwanangu."

Mama akalipia kopo, kisha wote watatu wakaelekea kituo cha polisi kushtaki.

"Mama, nilifuata yote uliyonifundisha," Jandira alisema njiani.

"Ulifuata," alisema mama. "Kosa si lako. Ila nilikufundisha nusu tu. Nusu nyingine umeifanya mwenyewe leo: hukukimbia, hukuvua, ukamwita mtu wako. Ungefungua kilemba leo, kesho wangekuambia uvue viatu. Asiye na kosa hadaiwi kujivua nguo ili aaminiwe."

Jandira akapapasa fundo. Lilikuwa bado limekaza.