Mpima Mabegi Aliyeniambia Nisigeuke

"Usigeuke! Ukigeuka kipimo kinaharibika!"

Ndivyo alivyoniambia, huku mikono yake imeng'ang'ania kiuno changu utadhani anakagua mbuzi mnadani!

Mimi nimeelekea ukuta. Rafiki yangu Scola, aliyenileta hapo kwa miguu yake, amekaa kwenye stuli anachezea simu... wala hana habari!

Ndugu zangu, naitwa Jesca, nakaa Mandewa, na hapa ninapoandika bado nasikia kinyaa.

Iko hivi. Wadada wa kazini kwetu tulipanga kwenda kupanda mlima Hanang. Begi langu pekee ni lile la chuo, zipu ilishakufa siku nyingi.

Scola akaniambia, "Shosti, twende kwa Fredrick. Anauza mabegi ya mlimani, na kila dada anampima mwili wake. Yule ni mtaalamu!"

Nikaamini. We ungekataa?

Duka lina mlango wa kijani, na nyuma kuna pazia. Sheria yake ni kwamba mteja asimame kwanza ameangalia ukuta, ndipo mwenyewe atoke nyuma ya pazia. Eti ukimwona mpimaji unakaza mgongo!

Akaja. Anatafuna bigijii karibu kabisa na sikio langu, chwa... chwa... chwa... Viganja vimelowa jasho mpaka blauzi yangu ikanata.

Futi ya kupimia alikuwa nayo, kaining'iniza shingoni, ncha yake inanigonga begani. Hakuigusa hata mara moja! Alipima kwa mikono. Mbavu. Kiuno. Akarudia kiuno. Akaanza kushuka...

"Kaka, huko kunahusiana nini na begi?"

"Tulia dada. Mkanda unakaa huku. We mgeni wa haya mambo."

Nikamtupia Scola jicho la pembeni. Akainamia simu yake.

Nililipa, nikatoka na begi la bluu mgongoni. Nyumbani nilijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Na bado nikawa najiuliza, labda mimi ndo mshamba? Labda ndivyo wanavyopima?

Jumapili nikaenda kwetu Ilongero, nikaona nilijaribu lile begi. Nikajaza chupa za maji na nguo nzito, nikazunguka nalo kwenye njia za mashamba ya alizeti.

Weee! Mkanda wa kiuno ukaning'inia makalioni. Mabega yakachubuka. Mikanda ya mbele ikanibana kifua mpaka nikawa napumua kwa shida!

Nikakutana na Mwalimu Severina. Alinifundisha shule ya msingi, na ndiye alikuwa mlezi wetu wa skauti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jesca, nani kakuvika hilo gunia?"

Akanipeleka kwake, akatoa futi.

"Inamisha kichwa."

Akagusa kwa kidole kimoja ule mfupa unaochomoza chini ya shingo.

"Sasa shika nyonga zako mwenyewe. Vidole gumba viangalie nyuma."

Akashusha futi kutoka kwenye ule mfupa mpaka usawa wa vidole gumba vyangu. Basi! Juu ya nguo, na ameshamaliza!

"Mgongo wako mfupi, hili ni la mwanaume mrefu," akasema. "Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, huko ndiko mzigo unakobebwa. Na mikanda ya mabega kwa mwanamke inatakiwa ipinde, ipishe kifua."

"Kwa hiyo mwalimu... mikono haihusiki?"

"Mikono gani?"

Nikamwambia yote. Nililia mpaka makamasi.

"Fredrick yupi?" akaniuliza.

"Wa duka la mlango wa kijani."

Mwalimu akaikunja ile futi taratibu sana.

"Kesho nipeleke. Jina langu usilitaje."

Nikampigia Scola, nikamwambia namleta shangazi yangu anataka begi. Jamani, alivyofurahi!

"Mlete, shosti! Nikimfikishia mmoja zaidi tu, na mimi napata langu la bure!"

Kumbe niliuzwa kwa begi!

Kesho yake mwalimu akaingia amejitanda kitenge. Scola akamsimamisha, "Shangazi, angalia ukutani hapo."

Pazia likafunguka. Chwa... chwa... chwa...

"Tulia mama, usigeuke. Mikono yangu ndo kipimo."

Viganja vikanyooka...

Mwalimu akageuka kabla havijamfikia.

"Fredrick. Mkweo humwamkii?"

Bigijii ikamdondoka!

MKWE! Kumbe huyu ndiye mama mzazi wa Evodia, mke wake wa ndoa! Na kwetu mkwe humpi hata mkono, unamsalimia kwa mbali, macho chini. Huyu viganja bado viko hewani, vimefunguka, vinaelekea kiunoni kwa mama mkwe wake!

Akapiga magoti.

"Shi... shikamoo mama. Nilikuwa napima tu..."

"Futi iko shingoni kwako."

Mwalimu akatoa simu, akampigia binti yake.

Leo Evodia yuko kwao Ilongero na vitu vyake vyote. Sisi tuliopimwa tumejitokeza, tukaenda dawati la jinsia polisi kuandikisha maelezo. Mlango wa kijani una kufuli.

Siku ile Scola alinifuata nje analia.

"Jesca, mimi ndo alinipima wa kwanza. Nikajua ndivyo inavyokuwa."

"Ulijua kabisa sivyo, Scola. Ndo maana ulikuwa unaangalia simu."

Namwonea huruma, lakini sijamsamehe, siwadanganyi.

Hanang nimepanda. Nilinunua begi la mtumba, nikalipima kwa futi ya mwalimu, nikalijaza na kutembea nalo kabla ya kulipia. Halikunichubua popote.

Dada zangu, begi linapimwa kwa futi, kuanzia mfupa wa shingo mpaka nyonga, na wewe unaona kila kinachofanyika. Na mtu yeyote akikwambia usigeuke...

GEUKA!